Kupunguza Watu au Kupunguza Saa

Mwaka 2009 pato la Ujerumani lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5. La Hispania lilishuka kwa chini ya asilimia 4, na la Marekani kwa chini ya asilimia 3. Mtu akipewa namba hizo tatu tu na kuulizwa wapi watu wengi zaidi walipoteza kazi, angejibu Ujerumani bila kusita. Ilikuwa kinyume. Ukosefu wa ajira Ujerumani haukutikisika, ulibaki kati ya asilimia 7 na 8. Marekani ulifika asilimia 10 mwezi Oktoba mwaka huo. Hispania, ambako mwaka 2007 ulikuwa karibu asilimia 8, ulifika karibu asilimia 18 na ukaendelea kupanda hadi kuvuka asilimia 26 mwaka 2013. Kati ya vijana wa Kihispania walio chini ya miaka 25 waliokuwa kwenye soko la ajira, zaidi ya nusu hawakuwa na kazi.

Maelezo ya kijiweni yapo tayari kila mara: Mjerumani ana nidhamu, Mmarekani hana huruma, Mhispania anapenda kulala mchana. Maelezo hayo hayafai kitu, na ushahidi wa kuyakataa tutaupata Hispania kwenyewe. Kinachotofautisha nchi hizi ni hesabu anayoifanya mwajiri pale kazi inapopungua: apunguze watu, au apunguze saa za kila mtu? Jibu lake hutegemea sheria, kodi, bima na mikataba inayompa kila mfanyakazi bei yake na kila saa bei yake. Anayetaka kuelewa kwa nini nchi moja ina wasio na kazi wengi na nyingine wachache, au kwa nini Mmarekani anafanya kazi saa nyingi kuliko Mjerumani, aanzie kwenye hesabu hiyo.

Kabla ya hapo, tusome namba vizuri, kwa maana wengi huteleza hapa. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni mtu ambaye hakufanya kazi hata saa moja katika wiki ya uchunguzi, ametafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita, na yuko tayari kuanza ndani ya wiki mbili. Aliyefanya saa moja ya malipo anahesabiwa ana kazi. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta hahesabiwi popote katika asilimia hiyo. Wafungwa nao hawamo, jambo lisilo dogo kwa Marekani yenye watu zaidi ya milioni moja na nusu gerezani. Huko huko, karibu mwanaume mmoja kati ya kumi wenye umri wa miaka 25 hadi 54 hana kazi wala haitafuti, kwa hiyo haonekani kwenye takwimu ya ukosefu wa ajira.

Uholanzi ilitoa somo zuri zaidi la namna hii. Kuanzia miaka ya 1970 waajiri na vyama vya wafanyakazi waligundua kuwa kumpeleka mfanyakazi asiyehitajika kwenye fao la ulemavu ni rahisi kuliko kumwachisha kazi: fao lilikuwa kubwa, halikuwa na kikomo cha karibu, na hakuna aliyegombana. Ilipofika 1990 idadi ya waliokuwa wakilipwa fao hilo ilikuwa inakaribia milioni moja katika nchi ya watu milioni 15, na waziri mkuu Ruud Lubbers akasema wazi kwamba Uholanzi ni mgonjwa. Ukosefu wa ajira ulikuwepo, ila ulikuwa umehamishiwa kwenye daftari la madaktari.

Saa za kazi nazo zina mtego wake. Kwa takwimu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, mfanyakazi wa Marekani hufanya takriban saa 1,800 kwa mwaka, wa Ufaransa takriban 1,500, na wa Ujerumani takriban 1,340, ambazo ni chache kuliko za karibu nchi zote tajiri. Wagiriki, waliotukanwa sana magazetini wakati wa mgogoro wa madeni kwamba ni wavivu, hukaribia saa 1,900. Namba hizi hupatikana kwa kuchukua saa zote zilizofanywa nchini na kuzigawa kwa watu wote wenye kazi, akiwemo anayefanya saa kumi kwa wiki.

Chukua nyumba mbili. Ya kwanza, mume anafanya saa 40 kwa wiki na mke hana kazi ya kulipwa: wastani wa saa kwa mfanyakazi ni 40. Ya pili, mume anafanya 40 na mke 20: wastani ni 30. Nyumba ya pili inafanya kazi zaidi, lakini kwenye jedwali itaonekana ya wavivu. Ndiyo hali ya Uholanzi na Ujerumani. Uholanzi, zaidi ya asilimia 80 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wana kazi. Marekani ni kama asilimia 72. Waholanzi wengi wanafanya kazi, kila mmoja saa chache. Wamarekani wachache zaidi wanafanya, kila mmoja saa nyingi. Ukigawa jumla ya saa kwa idadi ya watu wote badala ya wenye kazi tu, pengo hupungua sana.

Hata hivyo pengo halifutiki, kwa sababu hata wafanyakazi wa siku nzima hawalingani. Fanya hesabu ya siku. Mwaka una siku 260 za kazi ukiondoa Jumamosi na Jumapili. Fundi wa kiwanda cha vyuma Ujerumani ana siku 30 za likizo kwa mkataba wa hali bora, na sikukuu zisizopungua 9 au 10 kutegemea jimbo. Zinabaki 220. Mkataba wake ni wa saa 35 kwa wiki, yaani saa 7 kwa siku: jumla saa 1,540, kabla hajaugua hata mara moja. Mwenzake wa Marekani mwenye mwaka mmoja kazini hupata kama siku 10 za likizo na sikukuu 8. Zinabaki 242, mara saa 8, jumla saa 1,936. Tofauti ni karibu saa 400: zaidi kidogo ya nusu inatokana na urefu wa siku, na iliyobaki inatokana na likizo na sikukuu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha wiki nne za likizo yenye malipo. Marekani haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa hata siku moja.

Je, Wazungu wa Ulaya walikuwa hivyo tangu zamani? Hapana. Kufikia mwaka 1970 Wajerumani na Wafaransa walikuwa wakifanya saa nyingi kama Wamarekani, au kuzidi, na ukosefu wa ajira Ulaya Magharibi ulikuwa chini ya ule wa Marekani. Ujerumani ya Magharibi miaka ya 1960 ilikosa watu wa kufanya kazi hadi ikaenda kuwatafuta Italia na Uturuki. Anayesema starehe ni utamaduni wa Ulaya aeleze utamaduni huo ulikuwa wapi wakati huo.

Kilichobadilika ni mishtuko ya mafuta ya 1973 na 1979, iliyokuja pamoja na kupungua kwa kasi ya tija. Mishahara ilikuwa imefungwa kwenye mikataba iliyodhani ukuaji utaendelea vilevile. Viwanda vikabana ajira, na vyama vya wafanyakazi vikajibu kwa kudai saa zigawanywe. Mwaka 1984 IG Metall, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya vyuma Ujerumani, kiligoma kwa wiki kadhaa kikidai saa 35. Kilipata kwanza 38.5, na 35 kamili zikaja 1995. Ufaransa mwaka 1982 iliteremsha wiki ya kazi kutoka saa 40 hadi 39, ikaongeza wiki ya tano ya likizo, na mwaka huohuo ikaamua kushusha umri wa kustaafu kutoka 65 hadi 60 ili vijana wapate nafasi. Marekani, ambako vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinadhoofika, haikufanya lolote kati ya hayo: wiki ya saa 40 iliyotokana na sheria ya 1938 iko palepale.

Wapo wachumi wanaosema siri yote iko kwenye kodi. Edward Prescott aliandika hivyo mwaka 2004, mwaka aliopata tuzo ya Nobel: mwanzoni mwa miaka ya 1970 kodi za pande mbili hazikutofautiana sana na saa zililingana, kodi za Ulaya zikapanda, saa zikashuka. Hoja ni nyepesi na inavutia. Ina matatizo mawili. Kwanza, ili ifanye kazi, lazima watu wapunguze saa kwa kiasi kikubwa sana kila kodi inapopanda, kuliko tafiti nyingi za kaya moja moja zinavyoonyesha. Pili, Uswidi na Denmaki zina kodi kubwa kuliko karibu kila mtu, na bado watu wengi sana wako kazini. Kodi ile inarudi kama shule za chekechea na matunzo ya wazee, vitu ambavyo humtoa mwanamke jikoni na kumpeleka kazini. Kodi ni muhimu, ila ni lazima uulize inatozwa vipi na inarudi kwa sura gani.

Ujerumani ni mfano wa kodi inayokata saa moja kwa moja. Tangu 1958 kipato cha mume na mke kinaweza kujumlishwa, kikagawanywa mara mbili, kikakokotolewa kodi, kisha kodi ikazidishwa mara mbili. Kwa nyumba yenye mshahara mmoja mkubwa huo ni msamaha mnono. Lakini mke akitaka kuanza kazi, euro yake ya kwanza inakutana na kiwango cha kodi kilichokwishapandishwa na mshahara wa mume. Ongeza kazi ndogo inayoitwa Minijob: mwaka 2025 mtu aliruhusiwa kupata hadi euro 556 kwa mwezi bila kukatwa kodi ya mapato wala bima ya afya, huku akibaki kwenye bima ya mume bure. Kwa kima cha chini cha mshahara cha mwaka huo, euro 12.82 kwa saa, hiyo ni kama saa kumi kwa wiki. Akiruka ukuta huo makato yanaanza na bima ya bure inakwisha. Wengi hawaruki. Karibu nusu ya wanawake wenye kazi Ujerumani wako kwenye ajira ya saa pungufu, na ndio wanaoshusha ule wastani wa 1,340. Siasa za nchi hiyo zimelalamikia mfumo huu kwa miongo na hazijaufuta, kwa kuwa wanaonufaika nao ni wapiga kura wengi.

Marekani bei zimepangwa upande wa pili. Bima ya afya hutolewa na mwajiri, na gharama yake inakwenda kwa kichwa: mfanyakazi wa saa 40 na wa saa 55 wanagharimu bima ileile. Kodi ya shirikisho ya ukosefu wa ajira inatozwa kwenye dola 7,000 za kwanza tu za mshahara wa kila mtu kwa mwaka. Baada ya hapo saa zote zilizobaki hazina kodi hiyo. Saa za ziada baada ya 40 hulipwa mara moja na nusu, lakini meneja au afisa anayelipwa mshahara wa dola 684 kwa wiki au zaidi anaweza kuwekwa nje ya sheria hiyo kama majukumu yake yanakidhi masharti, na saa yake ya 41 hadi ya 60 kwa mwajiri ni bure. Kwa hesabu hizi, mwajiri mwenye kazi nyingi ana kila sababu ya kumbana mfanyakazi aliyenaye kabla ya kuajiri mwingine.

Kisha kuna tundu la saa 30. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awape bima wanaofanya wastani wa saa 30 kwa wiki na kuendelea. Matokeo yake, kuna maduka na migahawa inayopanga zamu ziishie saa 28 au 29. Ndiyo maana unakutana na mhudumu mwenye vibarua viwili, saa 28 hapa na 25 pale, jumla 53, bila bima kokote na bila saa hata moja ya malipo ya ziada, kwa kuwa ziada huhesabiwa kwa kila mwajiri peke yake. Waswahili wengi wanaoishi huko wanalijua hili kwa miili yao.

Kuachisha kazi nako ni rahisi. Isipokuwa kwa ubaguzi na sababu chache zilizokatazwa, mwajiri anaweza kusitisha ajira leo. Sheria ya kutoa notisi ya siku 60 inawahusu wenye wafanyakazi 100 na kuendelea wanaofunga sehemu ya kazi au kupunguza watu wengi kwa mpigo. Fao la kukosa kazi katika majimbo mengi halizidi wiki 26, na Florida ni wiki 12 hali ikiwa ya kawaida. Kwa hiyo Marekani watu hutupwa nje haraka na hurudi haraka. Februari 2020 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.5, Aprili ulikuwa unakaribia 15, kufikia 2022 ulikuwa umerudi chini ya 4.

Sasa tuitazame Ujerumani kwa karibu, maana mfumo wao wa Kurzarbeit, yaani kazi ya saa zilizopunguzwa, unasifiwa na wengi na kueleweka na wachache. Kiwanda kinapokosa oda, mwajiri anakubaliana na baraza la wafanyakazi kupunguza saa, kisha anapeleka taarifa ofisi ya ajira ndani ya mwezi uleule punguzo linapoanza. Akichelewa mpaka mwezi unaofuata, mwezi wa kwanza anaubeba mwenyewe. Lazima aonyeshe kuwa upungufu ni wa muda na hauepukiki, na kwa kawaida theluthi moja ya wafanyakazi wawe wanapoteza zaidi ya asilimia 10 ya mshahara. Lazima pia awe ametumia njia nyingine kwanza, hasa akiba ya saa: viwanda vingi huweka daftari la saa, mfanyakazi akizidisha wakati wa oda nyingi anawekewa, oda zikikauka anazitumia kwa kupumzika huku mshahara ukiendelea. Mwaka 2009 akiba hizo zilibeba sehemu kubwa ya mshtuko kabla serikali haijatoa hata senti.

Mwajiri hulipa mshahara wa saa zilizofanywa pamoja na fidia ya saa zilizokatwa, halafu hudai fidia hiyo ofisi ya ajira ndani ya miezi mitatu. Fidia ni asilimia 60 ya mshahara halisi uliopotea, 67 kwa mwenye mtoto. Mtu anayepeleka nyumbani euro 2,400 akikatwa robo ya saa anapoteza kama 600. Anarudishiwa 360, jumla 2,160. Saa zimepungua kwa robo, pochi imepungua kwa sehemu moja ya kumi. Kiasi kamili hutofautiana kidogo kwa sababu ya madaraja ya kodi, lakini uwiano ndio huo.

Jambo ambalo nchi zilizoiga mfumo huu huliruka ni kwamba kwa kawaida saa zilizokatwa si bure kwa mwajiri. Michango ya bima ya afya na pensheni anaendelea kuilipa yeye, upande wake na wa mfanyakazi, kwa hesabu ya asilimia 80 ya mshahara uliokatwa. Gharama hiyo ndiyo kufuli la mfumo: asiye na matumaini ya oda kurudi haoni faida ya kuendelea. Wakati wa mdororo wa 2009, na tena 2020, serikali iliingia kulipa michango hiyo: mara ya kwanza ilianza na sehemu, baadaye yote, na 2020 yote tangu mwanzo. Mei 2009 waliokuwa kwenye mpango walikuwa kama milioni 1.5, Aprili 2020 walikaribia milioni 6. Ilikuwa sawa kwa dharura, ila kila mwezi kufuli likiwa wazi, kampuni zilizokwisha kufa nazo zinaendelea kuhesabiwa hai.

Kuna pia wasioguswa na kinga hiyo. Wafanyakazi wa mawakala, wanaokodishwa viwandani, walikuwa wa kwanza kutoka mwaka 2008 na 2009. Wenye Minijob hawachangii bima ya ukosefu wa ajira, hivyo hawana haki ya fidia. Janga la korona lilipofunga migahawa, mamia kwa maelfu yao walipotea kwenye orodha. Muujiza wa Ujerumani una ukuta, na nje ya ukuta huo wako zaidi wanawake, wanafunzi na wageni.

Tukirudi Hispania, ushahidi niliouahidi ni huu. Kabla ya 2008 kama theluthi moja ya waajiriwa walikuwa na mikataba ya muda. Mwenye mkataba wa kudumu akiachishwa isivyo halali alistahili kiinua mgongo cha siku 45 kwa kila mwaka wa kazi, hadi mishahara ya miezi 42. Mwenye mkataba wa muda alistahili siku 8 kwa mwaka. Ujenzi wa nyumba ulipoporomoka, mwajiri hakuwa na haja ya kuzungumza na mtu kuhusu saa: alisubiri mikataba iishe. Kupunguza watu kulikuwa rahisi mno upande mmoja na ghali mno upande mwingine, kwa hiyo mzigo wote ukaangukia upande mmoja, wa vijana. Mageuzi ya 2012 yaliteremsha siku 45 hadi 33 na kikomo hadi miezi 24.

Halafu ikaja 2020. Pato la Hispania lilianguka kwa karibu asilimia 11, karibu mara tatu ya 2009. Safari hii serikali ilifungua mpango wake wa kusimamisha ajira kwa muda, na katika kilele zaidi ya watu milioni 3 waliingia humo wakilipwa na serikali bila kuvunjiwa mikataba. Ukosefu wa ajira ulipanda kutoka karibu asilimia 14 hadi 16 tu. Watu ni walewale, hali ya hewa ni ileile, usingizi wa mchana ni uleule. Sheria ndiyo iliyobadilika. Kweli, janga lilikuwa mshtuko wa muda na kuporomoka kwa ujenzi hakukuwa, na tofauti hiyo nitaigusa chini, lakini pengo kati ya pointi kumi na kitu na pointi mbili ni kubwa mno kuelezwa na hilo peke yake.

Mwishoni mwa 2021 Hispania ilibana mikataba ya muda, na sehemu yake ikashuka kutoka kama robo ya waajiriwa hadi chini ya moja ya tano. Wanaosherehekea wasome daftari kwa makini: wengi walihamia mkataba wa kudumu wa msimu, ambapo mtu yuko kazini miezi ya watalii na nyumbani miezi mingine. Akiwa nyumbani, orodha rasmi ya ofisi za ajira haimhesabu kuwa hana kazi, kwa kuwa mkataba wake haujavunjwa. Uchunguzi wa kaya humhesabu kama anatafuta kazi. Ukitaka kulinganisha miaka, tumia wa kaya.

Ufaransa iliamua kukata saa kwa sheria, nchi nzima, bila kusubiri mdororo. Wiki ya saa 35 ilianza mwaka 2000 kwa kampuni zenye zaidi ya watu 20 na 2002 kwa ndogo. Hoja ilikuwa ya kugawana: watu kumi wakipunguza saa nne kila mmoja, zinapatikana saa 40 za mtu wa kumi na moja. Hesabu ya shuleni inakubali, kiwandani inakwama. Nesi wa zamu ya usiku hagawanyiki na mhasibu, na hospitali ziliposhindwa kuajiri manesi wa kutosha zilibaki na deni la siku za mapumziko. Mshahara wa mwezi haukupunguzwa, hivyo bei ya saa ilipanda, na serikali ikabidi ipunguze michango ya waajiri ili wasikimbie. Wizara ya kazi ilikadiria ajira kama 350,000 zilitokana na mpango huo. Wachumi hadi leo wanabishana kama zilitokana na saa au na ule msamaha wa michango. Kwangu msamaha unastahili sifa kubwa zaidi. Na Wafaransa wa siku nzima hawafanyi saa 35: wengi hufanya kama 39, na zinazozidi hurudi kama siku za mapumziko au hulipwa kwa nyongeza ya asilimia 25. Saa 35 ni mstari ambapo bei ya saa inabadilika. Sheria haimfungii mtu mlango wa ofisi.

Japani nitaipitia haraka. Mahakama huko zimefanya kumwachisha mfanyakazi wa kudumu kuwa kazi ngumu mno, kwa hiyo makampuni huajiri wachache, huwazidishia saa wakati wa oda nyingi, na oda zikipungua hukata saa za ziada kwanza na bonasi za mara mbili kwa mwaka baadaye. Ukosefu wa ajira haukuvuka asilimia 6 hata katika miaka yao mibaya kabisa. Gharama yake ni saa za ziada zilizoua watu, hadi sheria ya 2018 ikaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, na zaidi ya theluthi moja ya waajiriwa wako nje ya ajira ya kudumu.

Kwa msomaji wa Nairobi au Mombasa haya yanaweza kuwa ya mbali, lakini Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi Septemba 2024. Anayekwenda asome mkataba kwa macho haya: saa ngapi kwa wiki zimeandikwa, siku ngapi za likizo, na je, ajira inachangia bima ya ukosefu wa ajira au ni Minijob? Ili kupata fao la kukosa kazi lazima uwe umechangia miezi 12 ndani ya miezi 30 iliyopita. Na kazi kupitia wakala ina mlango mpana zaidi wa kutokea.

Sasa ule mpaka wa mfumo wenyewe. Kupunguza saa kunafaa pale kazi itakaporudi. Isiporudi, saa zinaweza tu kununua muda, na mfano ulio wazi ni Volkswagen. Mwishoni mwa 1993 kampuni ilikuwa na watu kama 30,000 wa ziada Ujerumani. Badala ya kuwaachisha, ilikubaliana na IG Metall wiki ya siku nne, saa 28.8 badala ya 36. Saa zilikatwa kwa asilimia 20, kipato cha mwaka kwa kama asilimia 16. Ufundi ulikuwa hapa: bonasi za Krismasi na za likizo zilivunjwa na kusambazwa kwenye miezi, ili mshahara wa mwezi usishuke na mtu aendelee kulipa pango na mkopo. Kiwanda kisicho na bonasi nene hakiwezi kufanya hivyo, na mhudumu wa mgahawa hana bonasi ya kusambaza. Magari yaliuzwa tena, na mwaka 2006 wafanyakazi wa uzalishaji walirudi saa 33 bila nyongeza ya mshahara.

Mwaka 2024 tatizo lilikuwa la aina nyingine: magari ya umeme yanahitaji mikono michache, na Wachina wanauza kwa bei nafuu. Serikali ilirefusha muda wa juu wa Kurzarbeit kutoka miezi 12 hadi 24. Volkswagen na chama walifikia makubaliano Desemba: nafasi zaidi ya 35,000 ziondoke kufikia 2030 bila mtu kuachishwa kwa lazima, kwa njia ya kustaafu na vifurushi vya hiari. Kwenye takwimu za ukosefu wa ajira hakuna kitakachoruka. Lakini katika makubaliano hayohayo, nafasi za mafunzo ya ufundi kuanzia 2026 zilipunguzwa kutoka 1,400 kwa mwaka hadi 600. Vijana 800 wa kila mwaka ambao wangeingia kwa lango hilo hawakuachishwa kazi na mtu yeyote, na hakuna baraza la wafanyakazi linalowawakilisha.